Gauni la Karatasini na Gauni la Mwilini: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu michoro ya mitindo iliyotoka Paris kuanzia mwaka 1908 hadi miaka ya 1930, pamoja na mavazi ya jukwaani yaliyobuniwa katika zama hizo hizo. Barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyonayo, na kadhaa kati yake zimeuliza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali. Nimechagua sita. Walioziandika nimewatambulisha kwa shughuli na miji yao tu, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa sasa. Mteja wangu aliniletea picha ya mchoro wa gauni, akaniambia ni la Paris la mwaka 1914, na akataka nimshonee vilevile kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nimelitazama juma zima. Sioni mshono wa bega unapopita, sioni zipu, na sketi upande wa kulia hailingani na upande wa kushoto. Nimekwisha kuharibu mita nne za satini. Kosa ni langu au ni la mchoro? — Fundi, Tanga

Ndugu fundi, pole kwa satini. Zipu usiitafute kabisa, kwa sababu nguo za kike za mwaka 1914 zilifungwa kwa kulabu na vitanzi vidogo vilivyofichwa ndani, na zipu haikupokewa katika magauni ya kifahari ya Paris mpaka miaka ya 1930. Wala usihangaike na pande mbili zisizolingana: sketi za miaka ile zilipenda kukusanywa upande mmoja na kuachwa zianguke upande wa pili, kwa hiyo katika hilo huenda mchoraji alikuwa mkweli kuliko ulivyomdhania.

Mshono wa bega ndio wenye kisa. Gauni la aina hiyo kwa kawaida lilikuwa nguo mbili katika moja. Ndani kulikuwa na kizibao cha bitana kilichobana mwili, chenye mkanda mgumu wa kiunoni, na juu yake vikashikizwa vipande vya hariri na shifoni ambavyo kwa mtazamaji vilionekana kama vimerushwa tu mwilini vikatulia vyenyewe. Uzito wote ulibebwa na kile kizibao. Mchoraji hakukionyesha kwa kuwa mnunuzi hakutakiwa kukifikiria. Nawe ukikata satini peke yake bila ule mwili wa ndani, lazima ilegee ikuaibishe mbele ya mteja.

Lakini kuna jambo jingine ambalo huenda likakuondolea lawama zaidi. Michoro mingi ya zama hizo inayozunguka leo ilitoka katika jarida la Gazette du Bon Ton, ambalo Lucien Vogel alilianzisha mjini Paris mwezi Novemba mwaka 1912 kwa makubaliano na nyumba saba kubwa za ushonaji, miongoni mwao Worth, Paquin, Doucet na Poiret. Kila toleo lilikuwa na kurasa kumi za michoro ya rangi. Saba zilionyesha nguo halisi za nyumba hizo, na tatu ziliachwa kwa wachoraji wabuni watakavyo. Yaani, katika kila kurasa kumi, tatu zilikuwa na magauni yaliyozaliwa kichwani mwa mchoraji, bila fundi yeyote kushika mkasi. Ikiwa picha ya mteja wako ilitoka humo, inawezekana kabisa kwamba umeombwa uwe mtu wa kwanza duniani kulishona gauni hilo.

Hata zile saba hazikuchorwa kwa ajili yako. Mwaka 1908 Poiret, mwenye mojawapo ya nyumba hizo, alimpa kazi kijana Paul Iribe amchoree kitabu kidogo cha magauni yake, kikachapishwa nakala 250 ili kiwafikie wanawake wa tabaka la juu. Iribe aliwachora wanawake hao wakiwa wamegeuka, wengine wakimpa msomaji mgongo, samani za nyuma yao zikiwa nyeusi na nyeupe, na nguo peke yake zikiwa na rangi. Ilikuwa akili ya kibiashara, kwa kuwa jicho halikuachiwa pengine pa kwenda. Hata hivyo hakuna ukurasa mmoja katika kitabu kile unaomwambia fundi akate wapi. Ni kama zile picha za mishono zilizobandikwa kwenye kuta za vibanda vyetu: mteja ananyoosha kidole, na fundi anajua moyoni kwamba nusu ya uzuri ule ni namna mvaaji alivyosimama.

Kama ungetaka mchoro wa zama zile unaoshoneka, ningekushauri utafute ule wa mwizi. Sisemi mzaha. Maonyesho ya nyumba za Paris hayakuruhusu mtu kuchora, na wafanyabiashara wa nguo za bei nafuu, hasa wa Marekani, waliwalipa watu wenye kumbukumbu kali waketi humo kama wateja, kisha watoke nje wachore upesi kabla hawajasahau. Mmarekani Elizabeth Hawes aliifanya kazi hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1938, akiwa mbunifu mwenye jina lake, aliieleza mwenyewe kitabuni bila kujificha. Michoro ya namna hiyo haikuhitaji kuvutia. Ilichohitaji ni kuonyesha idadi ya vifungo, mahali pa kila mshono na upana wa kila rinda, maana aliyeisubiri ng'ambo ya bahari alikuwa fundi kama wewe.

Kwa sasa nakushauri ununue marikani, ujaribu kizibao cha ndani kwanza mpaka kikae sawasawa mwilini mwa mteja, kisha urushe juu yake vipande vya marikani hivyo hivyo na kuvibana kwa pini huku picha ikiwa mbele yenu wote wawili. Sehemu zinazoonekana kuanguka kwa mikunjo laini, jaribu kuzikata mshazari. Na kabla ya hayo yote, mwulize alichokipenda hasa: ni rangi, ni maanguko ya kitambaa, au ni yule mwanamke aliyechorwa? Akisema ni la tatu, mpunguzie bei ya ushonaji, umwambie ukweli.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Katika zoezi la mavazi nilichora malkia kwa uangalifu mkubwa, nikaiga wachoraji wa kale wa Paris, na wenzangu wote walisifu. Mkufunzi alinipa alama ndogo, akaandika pembeni: "Hii ni picha ya jarida, si mchoro wa vazi." Nimeshindwa kuona tofauti. — Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako ana haki, ingawa angeweza kutumia maneno zaidi ya hayo.

Mchoro wa jarida una msomaji mmoja, naye ni mtu mwenye fedha anayetazama akiwa ameketi. Mchoro wa vazi la jukwaani una wasomaji watano au sita, na kila mmoja anatafuta humo jambo lake: mwongozaji anatafuta tabia ya mhusika, mkataji anatafuta mishono, mtia rangi anatafuta rangi kamili, fundi wa taa anataka kujua kitambaa kinang'aa au kinameza mwanga, na mwigizaji anataka kujua kama ataweza kuinua mkono. Ndiyo maana michoro mizuri ya jukwaani mara nyingi ni michafu. Ina maandishi pembeni, ina mishale, ina vipande vya kitambaa vilivyobanwa kwa pini, na mara nyingine ina mchoro wa pili mdogo unaoonyesha mgongo. Ukurasa wako, kwa jinsi ulivyoueleza, ni safi mno kiasi kwamba hauna la kumwambia mtu wa karakana.

Mfano bora ninaoujua ni wa Léon Bakst, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1866 huko Grodno, ambaye alibuni mavazi na mandhari kwa kundi la dansi la Sergei Diaghilev. Mwezi Juni mwaka 1910 kundi hilo lilionyesha Schéhérazade mjini Paris, na watazamaji waliozoea rangi zilizopauka wakakutana na kijani cha zumaridi na buluu vikigombana na nyekundu na rangi ya machungwa. Itazame michoro yake. Hakuna aliyesimama wima akingoja kusifiwa. Mwili umepinda, goti limepanda, shanga na vitambaa vinaruka upande ambao mwili umetoka. Bakst alikuwa akimwonyesha mkataji kwamba nguo hii itaonekana hivi katika hatua fulani ya dansi, na kwamba ikikatwa ili ipendeze mtu akiwa amesimama tu, imekosewa. Mchoro wa jarida huonyesha nguo ikiwa imetulia. Yeye alichora mwendo, na nguo ikafuata.

Ukienda kuyaona mavazi yenyewe, na mengi yamehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert mjini London na katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Australia mjini Canberra, utashangaa jinsi yalivyo ya kawaida kwa karibu. Nakshi ambazo mtazamaji wa mbali alidhani zimetariziwa kwa miezi ni rangi iliyopakwa kwa brashi au vipande vya kitambaa vilivyobandikwa na kushonewa juu. Nguo ya mteja hutazamwa kwa umbali wa mkono. Ya jukwaani hutazamwa kwa umbali wa ukumbi mzima, chini ya taa, na mtu anayetokwa na jasho.

Katika filamu umbali unapungua, lakini mwamuzi mwingine anaingia. Filamu nyeusi na nyeupe za mwanzo hazikuiona rangi nyekundu ipasavyo: midomo myekundu ilitoka myeusi, na buluu hafifu ikageuka kuwa nyeupe. Mbunifu alilazimika kuchagua rangi kwa kukisia itatokaje kwa weupe au weusi wake, wala si kwa uzuri wake machoni. Rangi zilipokuja, nazo zilidai chao. Viatu vya Dorothy katika The Wizard of Oz ni vya fedha katika kitabu cha mwaka 1900, lakini katika filamu ya mwaka 1939, ambayo mavazi yake yalibuniwa na Adrian, vikawa vyekundu vya rubi, kwa kuwa wekundu ndio ulioitumia vyema teknolojia mpya ya rangi.

Nikueleze pia kisa kimoja ambacho ningependa mkufunzi wako akisome darasani. Erté, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wachoraji wote wa majarida wa wakati wake, aliitwa Hollywood na kampuni ya MGM mwaka 1925. Huko alimbunia Lillian Gish mavazi ya msichana maskini kwa ajili ya filamu ya La Bohème, iliyotoka mwaka 1926, na Gish akayakataa. Hoja yake haikuwa kwamba michoro ilikuwa mibaya. Aliona kwamba nguo mpya ya pamba, hata iwe ya mtu fukara, mbele ya kamera itabaki kuonekana mpya, ilhali hariri kuukuu huonyesha uchakavu wake na hucheza mwili unaposogea. Mchoro ulisema "umaskini" kwa mstari mzuri. Mwigizaji alitaka umaskini usemwe na kitambaa. Erté hakukaa sana Hollywood.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ukuta kati ya kazi hizi mbili ulikuwa mrefu. Mwaka 1913 Poiret alibuni mavazi ya mchezo wa Le Minaret uliochezwa Paris, na Erté, aliyekuwa kijana katika nyumba yake, alishiriki. Humo kulikuwa na kanzu fupi zenye pindo lililotiwa waya, zikasimama mbali na mwili kama kivuli cha taa, na haukupita muda wanawake wa mjini wakaanza kuzivaa mitaani. Vazi lilishuka jukwaani likaingia dukani.

Malkia wako usimtupe. Mchukue mchoro huo huo, umpe mguu mmoja mbele ya mwingine, uandike pembeni yupo katika onyesho gani na anatoka wapi kwenda wapi, ubandike kipande cha kitambaa unachokusudia, na uchore mgongo wake. Kisha jiulize kama ana dakika za kutosha kubadili nguo kabla ya onyesho linalofuata. Kulabu na vitanzi huchelewesha sana.

Naomba kuuliza: Erté alikuwa mwanamume au mwanamke, na jina hilo ni la kabila gani? — Msomaji, Kigoma

Alikuwa mwanamume, Mrusi, jina lake Romain de Tirtoff, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1892 na kufariki mwaka 1990. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji aliyemtakia mwanawe njia hiyo hiyo, na kijana, akiwa Paris, akaona ni heshima zaidi kutoliweka jina la ukoo chini ya picha za magauni. Alichukua herufi za mwanzo za majina yake, R na T, akaziandika jinsi Mfaransa anavyozitamka. Jarida la Marekani la Harper's Bazar, ambalo mwanzoni liliandikwa "Bazar" badala ya "Bazaar", lilitumia majalada yake zaidi ya 200 kati ya mwaka 1915 na 1936.

Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wa kike wanapochora nguo huwapa watu miguu mirefu isiyo ya binadamu, nami nikiwasahihisha hunionyesha michoro ya kale na kusema ndivyo inavyotakiwa. Je, niwaache? — Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, waambie wapime. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa vyake saba na nusu hivi, kuanzia utosini hadi nyayoni. Mchoro wa mitindo hutumia vichwa tisa, na wengine hufika kumi. Ziada yote huwekwa chini ya kiuno, kwa sababu huko ndiko kitambaa kinakoanguka, na mchoraji anahitaji nafasi ya kuonyesha marinda, mkunjo na uzito wa pindo. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na sababu ya ziada: nguo yenyewe ilishuka wima kutoka begani bila kukaza kiuno, na mwili mfupi ungeifanya ionekane gunia.

Kwa hiyo wanafunzi wako hawajakosea, ila wanajifunza lahaja kabla ya lugha. Ningewataka kwanza wamchore mwenzao kwa vichwa saba na nusu mara nyingi mpaka wazoee, ndipo wamrefushe kwa makusudi, wakijua wameongeza wapi na kwa nini. Asiyejua urefu halisi wa paja hawezi kulirefusha vizuri. Goti lake hupotea njiani. Tena waambie wazi, hasa wale wasichana, kwamba hata mwanamitindo mwenyewe hakuwa na mwili ule. Ulikuwa mbinu ya kuonyesha kitambaa, na haukuwa kipimo cha mtu yeyote.

Kwa nini michoro hii ilitoweka? Ni kweli kamera iliiua? Na ningependa kujua ni nani hasa waliokuwa wakifanya kazi hiyo, maana katika makala yenu niliona majina ya wanaume watupu. — Mkutubi mstaafu, Morogoro

Lawama yako ya pili, Bibi, naipokea bila kujitetea. Makala ilizungumzia Paris ya Barbier, Lepape, Marty na Iribe, na hao ndio waliotia sahihi. Lakini rudi nyuma karne moja na mambo yanabadilika. Katika Ufaransa ya karne ya 19, mabinti wa mchoraji Alexandre-Marie Colin, yaani Héloïse, Anaïs na Laure, walichora kurasa za mitindo kwa miongo mingi, na Anaïs Toudouze hasa aliishi kwa kalamu yake. Marekani, jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia, lililodumu tangu mwaka 1830 hadi 1898, liliajiri takriban wanawake 150 wa kupaka rangi michoro kwa mkono, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Mikono ilikuwa mingi, na hivyo nakala mbili za ukurasa ule ule zinaweza kuwa na gauni la kijani katika moja na la zambarau katika nyingine. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika jina lake.

Jambo hilo halikuisha karne ile. Katika studio za Hollywood mbunifu mwenye jina mara nyingi aliwaza, akachagua vitambaa na akazungumza na nyota wa filamu, huku michoro ikitengenezwa na wachoraji wa ofisini. Edith Head, aliyepata tuzo nane za Oscar kati ya mara thelathini na tano alizopendekezwa, alifanya kazi kwa namna hiyo, na alikiri mwenyewe kwamba michoro aliyoipeleka alipoomba kazi yake ya kwanza ya studio haikuwa ya mkono wake. Mimi sioni kwamba hilo linampunguzia tuzo. Kubuni vazi la filamu ni kujua mwigizaji atakaaje nalo, na kipaji hicho si sawa na cha kuchora. Ila mnunuzi wa leo anayelipia "mchoro wa Edith Head" anapaswa kujua analipia nini.

Ama kamera, ilichukua jalada kwanza. Mwezi Julai mwaka 1932 jarida la Vogue lilitoa jalada lake la kwanza la picha ya rangi, iliyopigwa na Edward Steichen, mwanamke mwenye vazi la kuogelea akiwa ameinua mpira. Tangu hapo wachoraji walirudishwa nyuma kidogo kidogo, lakini hawakufa siku hiyo. Dior alipoonyesha mtindo wake mpya mwezi Februari mwaka 1947, René Gruau ndiye aliyeupatia sura ambayo watu wanaikumbuka, kwa mistari michache minene myeusi na doa moja la rangi, na aliendelea kuchora matangazo ya manukato ya nyumba hiyo. Kamera iliweza kuonyesha kila uzi, na huo ndio ulikuwa udhaifu wake: haikujua cha kuacha.

Nilipokuwa Paris nilinunua kwenye vibanda vya vitabu vya ukingoni mwa mto Seine ukurasa mmoja wa mwanamke mwenye kilemba, wenye tarehe ya mwaka 1913. Muuzaji alisema ni wa asili na umepakwa rangi kwa mkono. Nitajuaje? Na hapa kwetu, pamoja na joto hili na hewa ya bahari, niuhifadhi vipi? Ndugu yangu mmoja amenishauri niupige lamineshini. — Msomaji, Muscat

Lamineshini hapana. Nitarudi huko.

Kurasa za Gazette du Bon Ton na za wenzake zilitiwa rangi kwa mbinu ambayo kwa Kifaransa inaitwa poshuari, na kwetu ndugu yake wa karibu ni stensili, ingawa si ile ya kuchapia mitihani shuleni. Mistari myeusi ya mchoro ilichapwa kwanza. Kisha mkataji aliuchambua mchoro wa asili rangi kwa rangi, akakata kwa kila rangi kibati chake chembamba cha zinki, shaba au aluminiamu, na ukurasa mmoja ungeweza kuhitaji vibati ishirini au zaidi. Kila kibati kiliwekwa juu ya karatasi, na mpakaji akapitisha rangi kwa brashi fupi ya mviringo, mara nyingi guashi, yaani ile rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga. Zoezi hilo lilirudiwa kwa kila rangi na kwa kila nakala. Jean Saudé, bingwa wa mbinu hiyo, aliiandikia kitabu mwaka 1925, mwaka ule ule ambao Gazette ilifungwa.

Hivyo muuzaji akisema "kwa mkono", anaweza kuwa mkweli, lakini si kwa maana kwamba mchoraji aliugusa ukurasa wako. Chukua kioo cha kukuzia, utazame eneo la rangi moja, kama kile kilemba. Ukiona nukta ndogondogo za rangi zilizopangwa, hiyo ni nakala ya matbaa ya baadaye, na ni pambo zuri tu. Ukiona rangi imetandazwa bila nukta, ikiwa na alama hafifu za nywele za brashi, na kingo zilizo kali ambapo rangi mbili hupishana kidogo au huacha uzi mwembamba wa karatasi tupu kati yao, basi una poshuari. Iinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirishani: guashi hukaa juu ya karatasi kama ngozi nyembamba, haizami ndani yake. Usiiguse kwa kidole chenye unyevu ili kuhakikisha, maana rangi hiyo huyeyuka kwa maji hata baada ya miaka mia.

Na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuikataa lamineshini. Joto la mashine na gundi yake vitashika rangi badala ya karatasi, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena. Selotepu nayo usiitumie hata nyuma ya karatasi, kwa kuwa gundi yake hupenya na kuacha madoa ya kahawia. Mwambie mtengeneza fremu akuwekee kadibodi isiyo na asidi nyuma, na nyingine iliyokatwa dirisha mbele, ili kioo kisigusane na rangi; penye unyevu, guashi iliyobanwa na kioo hunata, na siku ya kufungua fremu nusu ya kilemba itabaki kwenye kioo. Mahali pa kuutundika pawe ukuta wa ndani, mbali na jikoni na bafu, na pasipopigwa na jua hata kwa saa moja. Majumba ya makumbusho huiangazia michoro ya karatasi kwa mwanga wa laksi 50 tu, ambao ni hafifu kuliko taa ya kawaida ya sebuleni, na hata hivyo huipumzisha gizani kwa miezi.

Kuhusu hewa ya Muscat, kinachoua karatasi si joto peke yake; ni kubadilika kwa hali. Kiyoyozi kikiwashwa usiku na kuzimwa mchana, karatasi hunywa unyevu na kuutoa kila siku mpaka ijikunje. Ukiweza, chagua chumba ambacho hali yake haibadilikibadiliki, na kila baada ya miezi mitatu ishushe fremu, ugeuze, utazame pembe za nyuma kama kuna vidoa vya ukungu au vumbi laini la wadudu.